Sumaku Yangu Si Fingo

Mimi si msemaji. Jina langu likisomwa asubuhi naitika kwa sauti ambayo hata mimi mwenyewe siisikii vizuri, na zaidi ya mara moja nimehesabiwa mtoro nikiwa nimekaa palepale dawati la mbele, natazamana na mwalimu. Kwa hiyo siku niliyosimamishwa ofisini nikaulizwa kama mimi ni mchawi, nilijibu maneno machache tu, na yote yalizidi kuniharibia. Maneno mazuri yalinijia njiani narudi nyumbani Makorora, yamejipanga yenyewe, na hapakuwa na wa kumwambia ila mbuzi wa watu. Ndiyo ninayoyaandika hapa.

Shuleni kwetu mkimaliza kidato cha pili mnagawanywa. Kuna wanaoendelea na fizikia, na kuna wasichana wanaopelekwa sayansi kimu, yaani jikoni. Wavulana walioshindwa fizikia hupelekwa kilimo, lakini hilo halisemwi kwa kicheko. Mwalimu wetu wa fizikia ni kijana, suruali zake za mitumba ni nzuri kuliko za walimu wote, na alikuja katikati ya wiki akatuambia maabara haina kitu. Tulijua. Kabati la maabara lina kufuli kubwa, na ukichungulia kwenye ufa unaona chupa moja na mjusi.

"Kila mtu ajitengenezee sumaku ya umeme," akasema. "Jumatatu nataka kuiona inaokota pini hapa mezani. Asiye nayo, wasichana, jiko lipo."

Wavulana wakapiga meza kwa furaha.

Fizikia naipenda kwa sababu haitaki maneno mengi. Kwenye somo la siasa mwenye sauti ndiye mwenye akili. Kwenye fizikia jibu likiwa sahihi ni sahihi, hata ukilisema kwa kunong'ona, hata ukiliandika ukasukuma karatasi bila kuinua macho. Nilijiona nina mahali. Wakinitoa huko wananipeleka wapi? Sayansi kimu inafundishwa kwa kuimba na kukaribisha wageni.

Basi nilikwenda kwa mjomba, ambaye anasuka mota. Ndivyo wanavyosema mafundi wenyewe. Mota ikiungua, anautoa waya ulioungua ndani yake na kuzungushia mwingine, mzunguko juu ya mzunguko, mpaka mota iamke. Shoga zangu hunitania kwamba kwetu hata wanaume ni wasusi, na wakipita karakana yake humwita, "Mjomba, nisuke twende kilioni!" Naye huwajibu, "Kaa hapo kwenye mashine ya kusaga, nakuja."

Nilimwamkia, nikamweleza shida yangu. Akakuna kichwa.

"Waya mpya hakuna, mwanangu. Mimi mwenyewe natoa kwa huyu nampa yule. Chukua huu wa zamani, haujaungua. Msumari jitafutie, misumari siku hizi ni dhahabu."

Msumari niliung'oa kwenye mlango wa choo chetu. Mlango ulibaki unaning'inia upande na Bibi, ambaye ndiye aliyenilea, alikaa siku mbili akiingia chooni kwa kukohoa ili watu wajue kuna mtu. Hakunigombeza. Aliniuliza tu hiyo sumaku itasaidia nini, nikamwambia itanizuia nisipelekwe jikoni. Akacheka sana. "Mke mwenzangu," akasema, maana ndivyo anavyoniita, "mimi nilizaliwa jikoni na sijafa."

Ila mkono wake ndio ulioniponza, na sina haki ya kumlaumu. Waya wa mjomba ulikuwa wa rangi ya kahawia iliyokoza, kama chai ya rangi iliyolala. Niliporudi kutoka bombani nilimkuta Bibi uani, ameutandaza waya wote kwenye mkeka, na unang'aa kama bangili za bibi harusi. Alikuwa ameusuga kwa majivu, ndimu na kumbi la nazi, ndivyo anavyosuga birika lake la shaba tangu sabuni ilipoanza kuonekana kwa nadra. Kucha zake zilikuwa nyeusi.

"Utapeleka uchafu ule shuleni? Waseme huna watu kwenu? Tazama sasa."

Nilitazama nikafurahi, tena sana. Niliuzungusha kwenye msumari, mizunguko imebanana haipitishi hata unywele. Betri nilipewa za redio, baada ya Bibi kwisha kusikiliza matangazo ya vifo. Tulikuwa tumezianika juani mchana kutwa ili zipate nguvu kidogo. Nikaunga ncha moja huku, ncha nyingine kule. Waya ukapata moto mpaka ukanichoma vidole. Nikausogeza msumari kwenye pini. Pini ikalala palepale, hata kugeuka haikugeuka.

Nilijaribu mpaka betri zikaanza kuchoka. Bibi akasema labda pini ni ya ng'ambo. Nikarudi kwenye kitabu. Kitabu chenyewe ni cha Kiingereza na tunakisoma kwa zamu, na kwenye ukurasa ule kulikuwa na neno moja kabla ya neno waya ambalo mara ya kwanza nilikuwa nimeliruka, kwa sababu nililijua lile la waya nikaona yatosha. Safari hii nilikwenda kulitafuta kwenye kamusi ya jirani yetu aliyekuwa karani. Maana yake ni waya uliohamiwa. Waya wenye kihami, yaani ngozi ya juu inayozuia umeme usitoke nje ya njia yake.

Ile rangi ya chai. Ile ambayo Bibi aliisuga kwa ndimu.

Nikaelewa yote kwa mara moja, nimesimama kwenye baraza ya watu. Asubuhi shuleni tunakimbia mchakamchaka kuuzunguka uwanja. Palipo na ua wa minyaa kila mtu anazunguka, atake asitake. Palipofyekwa, mwalimu akigeuza kichwa tu, watu wanakata katikati wanatokea upande wa pili bila jasho. Umeme ni mvivu vilevile. Waya ukiwa uchi na mizunguko inagusana, hauzunguki msumari hata kidogo. Unaruka kutoka shaba hadi shaba na kutokea kule, na betri zinakwisha bure. Nguvu ya sumaku inatokana na kule kuzunguka. Asiyezunguka hana anachokivuta.

Basi nilihitaji ua. Utepe wa mafundi wa umeme haupatikani, na ukipatikana ni wa watu wenye magari. Bibi aliposikia kwamba ni yeye aliyeuvua waya nguo, aliingia ndani, akatoka na kaniki yake ya kulimia, iliyochakaa mpaka imekuwa laini, akaichana vipande vyembamba mwenyewe kwa meno. Tukakaa wawili mkekani tunauviringa waya kwa kaniki, na kila baada ya shubiri moja tunafunga kwa uzi isije ikafumuka. Uzi ulikuwa mwekundu, ule anaoshonea kofia. Mweusi ulikuwa umekwisha na madukani hakuna. Halafu nikausuka upya kwenye msumari, nikaacha ncha mbili wazi.

Niliunga. Pini ikaruka. Sikuisogelea, yenyewe iliruka ikashika kichwa cha msumari, na ya pili ikaishika ya kwanza, na ya tatu. Nilipotoa ncha ya waya kwenye betri zikaanguka zote, chwa! Bibi akapiga vigelegele mpaka jirani akauliza nani kaposwa.

Nieleze na hili, kwa sababu hakuna aliyeniruhusu kulieleza. Ndani ya msumari kuna visumaku vidogo visivyoonekana, na siku zote vimeelekea kila upande, vinapingana, ndiyo maana msumari wa mlango wa choo hauvuti kitu. Fikiria foleni ya duka la kaya kabla duka halijafunguliwa: huyu anatazama barabarani, huyu anamsuka mwenzake, huyu amelala. Mtu akisema tu "sukari imeingia!" wote wanageuka kwa pamoja kuelekea mlango, na wakisukuma, wanasukuma kama mtu mmoja. Umeme unaozunguka ndio ile sauti ya sukari imeingia. Ukiuzima, sukari imekwisha, na watu wanatawanyika kila mtu na njia yake. Msumari wa chuma laini ndivyo ulivyo. Chuma cha pua ni kigumu, kinakuwa kama wale wanaobaki wamesimama wanatazama mlango hata duka likifungwa. Hayo tu. Hakuna jini ndani.

Jumatatu nikaiweka sumaku kwenye dawati langu pamoja na betri. Kipindi cha fizikia kikafika, mwalimu hayupo. Tukasubiri. Kiranja akasema amesafiri, na kila mtu akajua ni wapi, maana siku hizi biashara ni ruksa, na walimu wenye akili wanakwenda mpakani Horohoro kufuata mali ya Kenya. Jirani yangu wa dawati alitaka wembe wa kuchongea penseli. Hakuniuliza. Alifunua dawati, akaingiza mkono, akatoka na msumari uliosukwa kwa kaniki nyeusi na uzi mwekundu.

Lazima niseme kwamba muhula ule wasichana walikuwa wakianguka. Anaanza mmoja kupiga kelele, anafuata wa pili, mpaka darasa zima linabebwa kupelekwa kivulini, na watu wazima wanasema ni mapepo, kuna aliyeyaleta. Walikuwa wanamtafuta huyo aliyeyaleta. Kwa hiyo jirani yangu alipokitupa kile kitu sakafuni na kupiga ukelele, "Fingo! Ana fingo!" hakuna aliyeuliza fingo la nini. Fingo ni kitu cha kiganga kinachofukiwa mahali ili kilinde au kidhuru, na kila mtoto wa pwani ameambiwa linavyofanana. Linafanana, naapa, na sumaku yangu.

Mwalimu wa malezi ndiye anayeshughulika na wasichana. Alikiweka mezani pake ofisini kwa kukisukuma na rula mbili, hakukigusa.

"Hii nini?"

"Sumaku, mwalimu."

"Sema nikusikie."

"Sumaku ya umeme."

"Umeme upo? Tangu juzi mji mzima tumekaa giza, wewe umeme wako umeupata wapi?"

Nikamwonyesha betri. Nikamwomba pini, zilikuwa kwenye kisanduku pale pale mezani. Niliunga vizuri. Moyoni nilikuwa nasema, sasa ataona, akiona itakwisha. Pini zikaruka, zikaning'inia kwenye msumari kama ndevu.

Mwalimu wa malezi akarudi nyuma na kiti chake.

"Kinavuta!"

"Ndiyo mwalimu, kinavuta."

"Mmesikia? Anakiri mwenyewe kwamba kinavuta." Walimu wawili walikuwa mlangoni. "Kinavuta nini?"

"Chuma, mwalimu."

"Leo chuma. Kesho?"

Ningejibu nini? Kesho chuma vilevile! Mpaka kiama ni chuma! Lakini hayo nilimwambia mbuzi.

"Na hiki kitambaa cheusi cha nini?"

Hapa ndipo nilipojimaliza. Nilikuwa nimelihangaikia lile neno, nilikuwa najivunia kulijua, na lilitoka kwa sauti, sauti kubwa kuliko zote nilizowahi kutoa shuleni.

"Hicho ni kihami, mwalimu."

"Kihami!" Akapiga makofi, akawageukia wenzake. "Kihami, jamani! Mtoto wa miaka kumi na tano, anajihami na nani?"

Akaitwa Bibi. Alikuja amevaa buibui lake la kwendea harusini, kwa kuwa alidhani ameitwa kupongezwa. Walimu wakamwamkia shikamoo, adabu zote zipo, halafu wakamwonyesha.

"Bibi, unakijua hiki?"

"Nakijua. Kaniki ni yangu, nimeichana mimi."

Nilitamani ardhi inimeze. Mwalimu wa malezi akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyepata alichokitafuta. Bibi akaona mambo yanakwenda upande, akaamua kuyanyoosha.

"Sikiliza mwanangu mwalimu. Fingo mimi nalijua. Marehemu baba yangu alikuwa nalo Tongoni, chini ya kizingiti, nimeliona kwa macho yangu haya. Hiki si fingo. Hakina hata harufu yake."

"Kumbe mnayo asili," akasema mwalimu wa malezi.

Bibi alisimama. Sijawahi kumwona vile. "Asili tunayo," akasema. "Tena ya kusuga vyombo. Mjukuu wangu kaambiwa na mwalimu wenu alete kitu, kakileta. Muulizeni huyo mwalimu."

"Mwalimu hayupo."

"Basi msubirini!"

Hawakumsubiri. Sumaku ilitumbukizwa kwenye shimo la choo cha shule, na msumari wangu, na waya wa mjomba, na kaniki ya Bibi. Betri walibaki nazo, sijui nazo zilikuwa na mapepo gani. Na jioni majina yalipobandikwa, langu lilikuwa sayansi kimu.

Mwalimu wa fizikia alirudi baada ya siku mbili akiwa na begi kubwa. Nilimngoja nyuma ya darasa, nikiwa nimeyakariri maneno yangu yote. Alinisikiliza, hilo sitamnyima. Hata alitabasamu nilipomweleza habari ya kaniki.

"Ulifikiri vizuri," akasema. "Kaniki inahami kabisa."

"Basi mwalimu, waambie ni wewe uliyetutuma."

Akatazama huku na huku. "Mdogo wangu, hebu nielewe. Nikienda kule kusema niliwaambia Jumatatu mlete, swali litakalofuata ni Jumatatu nilikuwa wapi. Unanielewa? Wewe nenda tu huko, utajifunza mapishi. Mtoto wa kike hapotezi kitu."

Mtoto wa kike hapotezi kitu! Halafu nikamwona akiingia ofisini na lile begi, na kupitia dirishani nikamwona mwalimu wa malezi akinusa mche wa sabuni, anacheka, anachagua mwingine.

Nilikwenda sayansi kimu wiki moja. Unga haukuwepo, mayai hayakuwepo, mafuta hayakuwepo. Keki tuliichora ubaoni. Tulichora vipande, tukachora sahani, tukajifunza upande wa kuwekea uma ambao hakuna nyumba Makorora inayoutumia. Mwalimu alituambia tufikirie harufu. Nilikuwa nafikiria, na kadiri nilivyofikiria ndivyo kifua kilivyozidi kupanda, mpaka nikaona nimesimama. Nikaomba ruhusa ya kwenda nje. Sikwenda nje. Nilikwenda moja kwa moja kwenye darasa la fizikia, mlango ulikuwa umefungwa kwa ajili ya vumbi, nikagonga nikaingia.

Watu wote wakageuka. Jirani yangu wa zamani akavuta miguu yake chini ya dawati.

"Unataka nini?" mwalimu akauliza.

"Mwalimu, ulituambia tulete sumaku Jumatatu." Sauti yangu ilikuwa inakwaruza lakini ilitoka. "Mimi nilileta. Ilikuwa inafanya kazi. Naomba useme."

Hakuna aliyecheka. Nadhani walishangaa kwamba naweza kusema. Mwalimu aliitazama chaki yake, akautazama mlango kama umefungwa vizuri.

"Kaa," akasema.

"Mwalimu, naomba useme kwanza."

"Nimesema kaa. Jina nitaliandika mwenyewe."

Nikakaa. Nilipokaa, wa kulia kwangu alihama na wa kushoto akasogea ukingoni, na mpaka leo benchi lile nalikalia peke yangu, hata pale wengine wanapobanana watatu watatu. Jina langu ameliandika kweli. Sayansi kimu hawakuniulizia; labda walifikiri naumwa. Bibi alipopata habari alichinja kuku, lakini mimi nilikula nikiwa na hasira, na hasira yenyewe haijaisha.

Kwa sababu siku ileile, baada ya kunikalisha, mwalimu aliendelea na somo lake na kuninyooshea kidole cha chaki. "Wewe. Tukitumia chuma cha pua badala ya chuma laini, halafu tukazima umeme, itakuwaje?" Nikajibu kwamba sumaku itabaki, haitazimika, na kwamba chuma hicho hakifai kwa kengele ya umeme kwa kuwa kikishika hakiachii.

"Vizuri," akasema. "Vizuri sana."

Hiyo vizuri sana aliisema darasani, mlango umefungwa. Ofisini hajaisema. Jana mwalimu wa malezi alipita karibu nami uwanjani, akalivuta gauni lake upande lisiniguse, na yeye, mwalimu wangu wa fizikia, alikuwa naye bega kwa bega, akaangalia saa.